Gauni la Bega Lililoshuka

Nikiwa bado kwenye varanda ya shule nilisikia vyerehani vikikimbia. Nilifurahi. Katika kazi yangu ya uthibiti ubora wa shule, mara nyingi hukuta vyerehani vimefunikwa vitambaa. Niliingia. Wasichana walikuwa wakikanyaga kwa bidii, lakini hakuna cherehani hata kimoja kilichokuwa na uzi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" mkuu wa shule alinipokea. "Tazama kazi zao, mama. Kizuri chajiuza."

Alihitaji kibali changu. Bila kibali, somo la hiari la ushonaji lingefungwa, na wasichana hao wasingesajiliwa kwa mtihani.

Ukutani lilitundikwa gauni moja la kijani. Mishono yake ilinyooka kama mstari wa rula. Nililipima kwa tepu.

"Bega la kushoto limeshuka," nilisema.

"Kosa la kitoto hilo," mkuu alicheka. "Labda alimpimia mbeba ndoo!"

Wasichana walicheka. Mwalimu wao hakucheka.

Nilipima tena. Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi begani kwangu. Bega langu la kushoto lilivunjika nikiwa msichana, likaunga vibaya. Mafundi wote hulisahau. Aliyelikumbuka ni binti yangu peke yake. Alikuwa akisoma ushonaji katika shule ya mbali, na siku moja alinipigia simu: "Mama, nakushonea gauni. Limebaki pindo tu." Homa ilimchukua kabla ya likizo. Tulipofuata sanduku lake, gauni halikuwemo.

Nilifunua pindo. Uzi mweupe wa bandi, ule wa muda tu, ulikuwa bado umelishikiza. Hakuna aliyewahi kulimalizia.

"Nani ameshona?"

"Amekwisha maliza shule," mkuu alijibu upesi.

Nilimtazama mwalimu. Aliinamisha kichwa.

"Dada, shule tunaazimana gauni hili. Wakaguzi wakija kwetu, linaletwa kwetu. Wakienda kwingine, linawatangulia. Niliambiwa ni kazi ya mwanafunzi bora. Sikuambiwa yuko wapi."

Nililitungua, nikalivaa juu ya nguo zangu. Lilinikaa. Bega lililoshuka liliingia mahali pake. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

"Mama yangu," mkuu alininong'oneza, "ukitunyima kibali, unawaua watoto hawa kimasomo."

"Na wangu? Mmemfanyisha mitihani mingapi tangu nimzike?"

 

Sikutoa kibali. Niliwaambia wasichana kwamba nitarudi kabla usajili haujafungwa, na kila mmoja atashona mbele yangu, hata kama ni foronya. Nilimwagiza mkuu anunue sindano na nyuzi. Nilimwomba mwalimu afundishe kuanzia pindo.

"Mama," msichana wa mbele aliuliza, "na gauni?"

"Limefika kwa mwenyewe."

Nilitoka nimelivaa, uzi wa bandi ukining'inia miguuni. Nilipofika uwanjani, nyuma yangu cherehani kilianza kukimbia. Hasira ilinipanda. Baada ya yote hayo, bado wanakanyaga bila uzi?

Niligeuka. Mkuu, mwalimu na wasichana wote walikuwa wamesimama varandani, wamekigeuzia visogo chumba kitupu cha ushonaji, wakinitazama.

Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kugeuka kuutazama mlango.