Vidonge vya Dada

Saluni nzima walimwita Chapchap, kwa sababu kichwa ambacho wenzake walikisuka kutwa nzima, yeye alikimaliza kabla mteja hajachoka kusengenya. Wala haraka yake haikuwa ya vidole tu. Ukimwambia una njaa, ameshafunua sufuria. Ukimwambia kichwa kinakugonga, ameshafungua mkoba. Wazazi wao walifariki yeye akiwa msichana, mdogo wake bado anatambaa, akamlea kwa haraka hiyo hiyo: kulisha, kuogesha, kutibu, bila kungoja kuulizwa.

Mdogo wake alipojifungua kwa upasuaji, Chapchap aliomba ruhusa kazini akahamia kwake na godoro lake. Shemeji alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Mtoto alikuwa wa kiume, mashavu tele, akilia kama mtu anayedai haki yake. Wakambandika jina la Bosi.

Shida ilikuwa mshono. Kila akikohoa, mama wa watu alishika tumbo kwa mikono miwili kama anayezuia mzigo usimwagike. Hospitali walimpa parasetamoli za kawaida.

"Hizi ni sawa na kumeza chaki, dada," alisema, machozi yakimlengalenga.

Chapchap hakuweza kuyavumilia machozi ya mdogo wake, hakuwahi kuweza. Akakumbuka vidonge vyake. Alipotolewa mawe kwenye figo, alipewa vidonge vikali vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, parasetamoli na kodeini. Mfamasia alimweleza taratibu kwamba kodeini ni ndugu wa mofini: inaleta usingizi, inafunga choo, na mtu akiiendekeza hawezi tena kuiacha. Asichanganye na pombe, asiongeze parasetamoli nyingine juu yake, na asimgawie mtu yeyote hata akimpigia magoti. Chapchap alimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye simu, mteja akiuliza atarudi lini kazini. Maumivu yalipokwisha, vilivyosalia alivitupia mkobani, pamoja na vitana na mafuta ya nywele.

"Meza hiki," alimwambia mdogo wake. "Hiki ndicho dawa."

"Hakina neno kwa mtoto?"

"Mimi nilimeza, mbona mzima? Tena anayemeza ni wewe, si yeye."

Mdogo wake akameza. Baada ya muda uso wake ulilegea, akalala usingizi wa kushiba. Chapchap alimfunika shuka akajiona mtu wa maana.

Kidonge kimoja kikaleta kingine, na maumivu yaliporudi na hasira, vikawa viwili kwa mpigo. Zile za hospitali nazo aliendelea kuzimeza, maana aliambiwa azimalize. Choo kikagoma. Akisimama, chumba kilimzunguka. Alijikuna mikono bila kuona kipele. "Ni uzazi tu," Chapchap alimtuliza. "Mwili umetoka vitani."

Bosi naye akatulia. Kilio cha kudai haki kikapungua, kikawa mlio mdogo, kisha kikakoma kabisa. Majirani waliokuja kutoa hongera walimpitisha mkono kwa mkono, naye hakufumbua jicho.

"Umebahatika, mama," jirani mmoja alisema. "Wangu alinikondesha kwa makelele. Huyu mpole hivi!"

Chapchap alicheka pamoja nao. Ila alipompeleka kwenye ziwa la mama yake, mtoto alivuta mara mbili, mdomo ukalegea, maziwa yakamtiririka shavuni. Alimfinya kidogo unyayo. Akavuta tena, akasinzia tena.

"Mvivu kama babu yake," alisema, lakini maneno yalimtoka bila kicheko. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamepwaya. Akajiambia kesho atampeleka kliniki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chapchap akaahirisha jambo.

Kesho yake mchana alikuwa akimbadilisha nepi alipoona kifua hakipandi. Akangoja. Kikapanda kidogo, kwa uvivu, kisha kikatulia tena muda mrefu mno. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu ya mkaa. Chapchap alimnyakua, akatupia mkoba begani, akatoka mbio pekupeku, mdogo wake akimfuata nyuma amejishika tumbo, akipepesuka kama mlevi.

Hospitali walimpokea mtoto mikononi mwake, wakamwekea mpira wa hewa puani. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimfunua kope akamulika kitochi. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Mama anatumia dawa gani?" aliuliza.

"Za hapa hapa tu, parasetamoli," mdogo wake alijibu, ulimi mzito.

"Nyingine?"

Mdogo wake alimtazama dada yake, na katika yale macho mazito Chapchap aliona kwamba hatamtaja. Atakaa kimya ili amsitiri, kama alivyofanya tangu utotoni. Wakati huo huo shemeji aliingia. Alikuwa amerejea kutoka safarini mchana huo huo, akakuta nyumba iko wazi na haina mtu, majirani wakamwelekeza hospitali. Chapchap aliona kwamba kunyamaza kungekuwa rahisi sana.

"Mimi ndiye nimempa," alisema. Akafungua mkoba, akatoa kipakiti cha vidonge. "Vilikuwa vyangu."

Daktari alisoma, akaagiza sindano ya kuzima nguvu ya kodeini. Alizungumza huku akifanya kazi. Mwilini kodeini hugeuka mofini, na kuna watu ambao miili yao huigeuza upesi kuliko wengine, bila wao wenyewe kujua. Inapita kwenye maziwa. Mtoto mchanga hana uwezo wa kuitoa, kwa hiyo inamlaza mpaka anasahau kupumua. Mama naye achukuliwe damu wapime ini, kwa kuwa alikuwa akimeza parasetamoli mara mbili bila kujua.

"Asingeninyonya mimi, angekuwa…" mdogo wake alianza, sauti ikamkatikia.

Shemeji hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Najua ulitaka kumsaidia," alisema, akitazama sakafu. "Lakini kwangu usije kwanza."

Bosi aliishi. Ini la mama yake nalo halikuharibika. Chapchap alirudi saluni, na wateja wakashangaa kwamba siku hizi anachelewa. Aliposhika nywele vidole vilikwama. Mawazo yalikuwa kwenye kifua kilichokataa kupanda. Mteja akilalamika kichwa kinauma, alimwambia aende kwa daktari.

Watoto wa rika la Bosi walipoanza kuketi, yeye shingo yake ilikuwa bado inayumba. Daktari alisema huenda ubongo ulikosa hewa, huenda ni kuchelewa tu. Mtoto apelekwe mazoezi ya viungo, muda ndio utakaosema. Shemeji alikuwa barabarani, mshono wa mama bado ulikuwa ukimsumbua akibeba uzito, na hakukuwa na mtu mwingine. Basi siku moja simu ya Chapchap ikaita.

"Unaweza kumbeba mpaka hospitali?" mdogo wake aliuliza. Hakusema dada.

Chapchap alifika kabla mdogo wake hajamaliza kujiandaa. Mdogo wake alimfungia mtoto mgongoni, akakaza kanga, akajaribu fundo kwa kidole. Chapchap akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji iliyokuwa mezani.

"Hiyo nitabeba mimi," mdogo wake alisema.

"Akisikia kiu njiani?"

"Nitampa mwenyewe. Wewe mbebe, mwimbie, mnunulie nguo. Mdomoni kwake usitie kitu chochote."

"Sawa," Chapchap alijibu.

Wakatoka wakiongozana, mdogo wake hatua chache nyuma, akitazama namna mtoto anavyopumua.