Aliyeikata Amari

Nahodha Otxoa Iturbe alirudi kwao Getaria, mji wa bandari wa Hispania, mzima, hana hata mkwaruzo, na watu wakamshukuru Mungu kwa ajili yake. Meli za Mfalme wa Hispania zilikuwa zimezingirwa na Waholanzi mbele ya pwani ya Waingereza, hata asubuhi moja ya ukungu Waholanzi wakazishukia, wametanguliza merikebu zilizotiwa moto. Habari za kushindwa zilitufikia kabla ya watu wenyewe. Laurentz, mume wa Graxi dada yake Otxoa, aliteketea na meli yake. Meli ya Otxoa ilipwelea mchangani bila kupiga mzinga hata mmoja.

"Rubani alipotea ukunguni," Otxoa aliwaambia wakubwa wa mji, nao wakaamini.

Rubani mwenyewe alikuwa mzee Petri Zubia, aliyezoea kuziongoza meli za nyangumi hadi kwenye barafu na kuzirudisha. Hakukanusha.

Kweli ilikuwa hivi. Moto ulipochomoza ukunguni, Otxoa alinyakua shoka akaikata amari, kamba nene ya nanga, kwa mkono wake. Petri akamshika.

"Nahodha, Laurentz yuko ubavuni kwetu. Tukiondoka, anabaki wazi."

Otxoa akamsukuma. "Shika usukani. Elekea nchi kavu."

Petri akaushika.

Sasa huku nyumbani, wanawake wanaopasua samaki gatini hawakumwacha mzee apite hivihivi.

"Petri, bahari iko upande ule, baba. Huku ni nchi kavu."

"Mwache, anatafuta mchanga laini ajilaze."

Siku moja Otxoa alikuwa nyuma yake na akayasikia yote. Mmoja wao akafuta mikono, akamwinamia kwa heshima. "Pole, Nahodha. Walikupa kipofu akuongoze."

"Asante," Otxoa akasema. Alipofika kanisani akakata kona, asimfikie Petri.

Baada ya misa ya kumwombea Laurentz, Graxi aliwaalika ndugu na mabaharia nyumbani kwake, wakala chewa mkavu. Alizunguka na jagi la pombe ya matofaa akimimina kikombe kwa kikombe. Cha Petri akakiruka. Mzee akachukua kofia yake, akainuka taratibu.

"Kaa, Petri," Otxoa akasema. "Amari niliikata mimi. Yeye alinizuia."

Graxi alikuwa bado ameshika jagi.

"Laurentz aliwaona mkiondoka?"

"Sijui."

Petri alitazama sakafu. "Alituona, mwanangu. Alitupungia mkono. Nadhani alifikiri tunageuka ili tumfunike."

Graxi akakijaza kikombe cha mzee hadi kikafurika mezani. "Nisamehe, baba." Kisha, bila kumtazama ndugu yake, akasema, "Maliza chakula chako, kaka, halafu uende."

Otxoa akaweka kijiko chini. Akatoka. Petri akamfuata hadi barabarani.

"Kwa nini ulinyamaza muda wote huo?" Otxoa akamuuliza. "Ungenisema tu."

"Ningekusema vipi? Uliponisukuma, Nahodha, nilishukuru moyoni. Nilitaka kuishi, nawe ukanipa kisingizio." Mzee akavaa kofia. "Usidhani umenitua mzigo leo. Umetua wako, tena mbele ya mjane, siku ya kumwombea mumewe. Ungesema siku tuliyofika."

Otxoa alisimama pale huku watu wakitoka kwa Graxi wawili wawili, wakimpita kama wanavyopita nguzo.

Unahodha hakuutaka tena. Majira ya kuchipua yalipofika aliingia meli ya nyangumi kama baharia wa kawaida, akavuta kamba chini ya nahodha aliye rika la wanawe. Kabla ya kuondoka alibisha mlangoni kwa dada yake. Alimsikia ndani akiwanyamazisha watoto, akangoja, mlango haukufunguliwa, akashuka kwenda gatini.