Mtende wa Tatu Kutoka Mferejini

Alasiri moja ya msimu wa tende, Moza bint Hamed alitoa kokwa kwenye tende za mtende wake wa mahari, akaziloweka kwa maji ya moto, akaziponda, akazichuja, kisha akazibandika jikoni kwa samli na chumvi kidogo. Nyumba yao hainunui sukari. Chai na kaimati hutiwa karameli hiyo ya tende. Ilipoanza kuachana na sufuria, Shamsa aliingia, akavua viatu mlangoni, akatia iliki.

Shamsa ni mke wa kwanza wa Saif, mume wa Moza. Alikufa miaka minne iliyopita, na sisi wa mtaa hapa mjini Nizwa ndio tuliomzika. Kila msimu huja alasiri na kuondoka kabla ya magharibi. Tukikutana naye uchochoroni tunaamkiana.

Moza hakumwogopa. Alimwonea wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi. Alishajaribu mdalasini, zafarani, na marashi ya mawaridi ya mlimani. Saif alikuwa akionja anasukuma bakuli. Shamsa akitia iliki yake, Saif analamba mpaka kijiko.

"Hii sasa imekaa sawa, mke wangu," alisema jioni ile.

"Mke wako yupi?" Moza akamwuliza.

Saif akaomba kaimati nyingine.

Kesho yake Moza alisimama mlangoni na mwiko.

"Leo hutii kitu humu, bibie. Ushakufa, waachie wenzio."

"Nimefuata tende zangu," alisema Shamsa. "Mtende wa tatu kutoka mferejini ni mahari yangu."

"Yako tangu lini? Saif aliniahidi mimi, mbele ya baba yangu."

"Na mimi aliniahidi mbele ya wangu. Wewe ameshakukabidhi?"

"Anasema baada ya mavuno."

"Mavuno yapi?"

Karameli ilianza kushika chini, Moza akarudi kuikoroga.

"Mimi nimekufa bado naambiwa baada ya mavuno," alisema Shamsa, akakaa.

Moza akakoroga muda mrefu. Si mtende uliomchoma zaidi.

"Lakini wewe anakupenda," alisema mwishowe.

"Anapenda iliki," alisema Shamsa.

Ijumaa Saif alivaa kanzu mpya, akajifukiza udi, akachukua chupa kubwa ya karameli. Moza akamsimamisha uani na kumwuliza habari ya mtende.

"Baada ya mavuno, Moza. Mbona una haraka hivyo?"

Akatoka. Alikuwa anakwenda Bahla kuposa, na wanaume wa mtaa tulimsindikiza. Wenyeji walikula karameli kwa kahawa, wakaisifu. Saif akamwambia baba wa binti kwamba mahari ni mtende, wa tatu kutoka mferejini. Mzee akatugeukia, akauliza kama unazaa. Tukasema unazaa sana.

Habari zilifika jikoni kabla yetu. Moza na Shamsa walikuwa wamekaa pamoja wakitoa kokwa, sinia moja katikati yao.

"Mwenzetu huyo anaitwa nani?" aliuliza Shamsa.

"Zamzam. Wanasema mzuri, na ana miaka ishirini."

Moza akainuka, akachukua kopo la iliki, akalificha nyuma ya gunia la mchele, Zamzam asije akaliona.