Spika Moja Handeni, Nyingine Kilole

Mzee Sadala alipofariki, baada ya arobaini wazee wa ukoo walikaa barazani kwake Kilole, mjini Korogwe, wakagawa vitu vyake. Alikuwa mtu wa nyumba mbili. Hapo Kilole aliishi mkewe mkubwa, Bi Amne, na huko Handeni aliishi mke mdogo, Bi Hajira. Mashamba yaligawanywa, kisha baiskeli, kisha mbuzi. Ilipofika zamu ya muziki wake, mzee mmoja akasema spika ziko mbili na nyumba ziko mbili, kwa hiyo kila nyumba ichukue yake. Wote wakaitikia. Ilionekana haki kabisa.

Redio ya kaseti ikabaki Kilole na spika ya kushoto. Ya kulia aliichukua Mustapha, mtoto wa Bi Hajira. Lilikuwa boksi la mbao lililomfika kiunoni, zito, lenye kitambaa cha kahawia mbele. Akalifunga kwa shuka na kulisafirisha Handeni kama mgonjwa. Kule aliliunganisha na redio ya kaseti ya gari bovu na betri ya sola, kwa waya za upande wa kulia tu, kwa kuwa spika ilikuwa moja.

Kaseti alikuwa nayo. Baba yake alirekodi nakala mbili za bendi moja ya zamani ya mashamba ya mkonge, akaweka moja kila nyumba ili asikose nyimbo zake popote alipolala. Mustapha aliupenda wimbo wa kwanza kuliko zote. Gitaa lilikuja taratibu, kama maji yanayotafuta njia kwenye mtaro mkavu. Nyuma yake tumba zikagongwa kwa upole, na kwa mbali mwanamke akaguna wimbo huku midomo imefungwa. Maneno hayakuwamo. Jioni akitoka shambani alikaa mbele ya lile boksi, akafumba macho, na ardhi nyekundu ya Handeni ikaondoka chini ya miguu yake. Miaka ikapita hivyo.

Kisha habari ikafika kwamba Bi Amne anaumwa.

"Unapeleka machungwa Korogwe kila msimu na hujawahi kupita Kilole," Bi Hajira alimwambia mwanawe. "Nenda ukamjulie hali mama yako mkubwa. Ugomvi wetu sisi wakubwa haukuhusu."

Mustapha akaenda. Alipoingia uani, kiroba cha machungwa begani, alisikia tumba. Alizijua. Alijua kila pigo na mahali ambapo mpigaji huchelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Lakini juu ya tumba zile aliimba mwanamume, sauti nyembamba yenye vumbi, akimwomba mtu amsubiri stesheni kwa kuwa treni ya Mombo imechelewa. Mustapha alibaki amesimama. Alihisi kama amekutana na nduguye barabarani, amevaa uso wa mtu mwingine.

Dada yake kwa baba, Mwanaidi, binti wa Bi Amne, alitoka na ndoo mkononi akamkuta pale.

"Mustapha? Mbona umesimama juani? Karibu ndani."

"Shikamoo dada. Huo wimbo ni upi?"

"Marahaba. Si ule wa baba, wa kwanza kwenye kaseti."

"Ule hauna maneno."

Mwanaidi akacheka. "Usingekuwa na maneno mimi ningeimba nini miaka yote hii jikoni?"

"Na gitaa liko wapi?"

"Gitaa gani?"

Walitazamana. Ndani, mwimbaji alikuwa amenyamaza, tumba zikiendelea peke yake katika sehemu ndefu iliyo tupu, na Mustapha alijua kwamba hapo hasa, Handeni, ndipo gitaa hulia vizuri kuliko mahali pote.

Safari iliyofuata alirudi na spika, ile nusu nyingine ya wimbo, imefungwa kwa shuka lilelile.

Waliziweka zote mbili sebuleni, boksi moja kila pembe, zimebanwa ukutani ili zisizibe njia. Bi Amne, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, aliletwa akaketi kwenye kochi lililoegemea ukuta wa pili. Mwanaidi akabonyeza kitufe. Wote watatu walikuwa wamengojea kitu ambacho hawakuweza kukitaja, na kilichotoka kilikuwa kelele. Besi ilikuwa nyembamba kama imekatwa kisu. Gitaa na mwimbaji walikuwapo, lakini mlio ulirukaruka kutoka sakafu ya saruji kwenda kwenye mabati na kurudi, vikombe vikatetemeka kwenye kabati la vioo.

"Wanaimba ndani ya pipa," alisema Bi Amne. "Zimeni, kichwa kinaniuma."

Mustapha aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta kelele ile kutoka Handeni. Alitaka kuifunga spika yake na kuondoka. Mwanaidi ndiye aliyemzuia. Alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja. Chumba kikamjibu: ta-ta-ta-ta.

"Si spika," alisema. "Ni nyumba inayopiga kelele."

Basi wakaanza kuinyamazisha nyumba. Walitandika zulia juu ya saruji na mkeka juu ya zulia. Walitundika kanga ukutani, wakapiga kofi, chumba kikajibu vilevile, kana kwamba kanga hazikuwapo. Wakaleta magodoro mawili ya sufi yaliyokuwa stoo, wakayasimamisha nyuma ya kochi. Kofi lililofuata lilikufa mikononi mwa Mwanaidi. Alishtuka, akapiga tena. Ilikuwa kama kupiga kofi shambani. Vikombe vilihamia jikoni.

Spika wakazivuta kutoka pembeni, hatua baada ya hatua, wakizipandisha juu ya vigoda hadi zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Zilipoacha pembe, ule mlio wa pipa ukaondoka. Kochi nalo walilisogeza mbele, na magodoro yakalifuata, mpaka umbali kutoka kochi hadi kila spika ukalingana na umbali kati ya spika na spika. Sebule ikakosa njia. Mtu akitaka kwenda jikoni ilibidi azunguke uani.

"Bado kuna kitu," alisema Mustapha. "Tumba hazina mahali. Ziko kila upande na haziko popote."

Alipiga magoti nyuma ya spika yake. Pale Handeni, kwa spika moja, haikujalisha waya upi unakaa wapi, naye aliuchomeka wowote. Sasa aliona kwamba kwa dada yake waya mwekundu ulikaa penye alama nyekundu, na kwake ulikaa penye nyeusi. Spika moja ilikuwa ikisukuma wakati mwenzake anavuta. Akabadilisha waya zake.

Mwanaidi alirudisha kaseti mwanzo.

Ilikuwa alasiri, na mwanga wa jua ulipita dirishani ukiwa na rangi ya chai. Besi iliingia kwanza, chini, ikitembea bila viatu. Kisha kule kushoto, karibu na dirisha, mwanamume akaanza kuimba, na kule kulia gitaa likamjibu. Mustapha alimsikia akipumua kabla ya neno. Kila mara mwimbaji aliponyamaza, gitaa liliingia katika ile nafasi tupu, kana kwamba lilikuwa limengoja mlangoni miaka yote hiyo. Mwanamke akaguna kwa mbali, mbali kuliko ukuta, huko nje kuelekea milima ya Dindira. Ukuta wenyewe haukuwapo tena. Palikuwa na ukumbi mpana wenye giza jepesi, na watu waliosimama kila mmoja mahali pake.

Bi Amne aliinua kidole polepole.

"Yule wa tumba," alisema, "amekaa pale chini ya kalenda."

Hapakuwa na kitu chini ya kalenda, ila waliangalia wote, na kweli, pale ndipo mikono yake ilipokuwa ikigonga.

Wimbo ulikwisha. Hakuna aliyenyanyuka. Mwanaidi alikuwa akilia bila sauti, akatumia ncha ya kanga kujifuta, kisha akasema ni vumbi la magodoro.

"Mama yako anaujua huu?" Bi Amne aliuliza.

"Anaujua nusu, mama mkubwa. Kama mimi."

Bi Amne aliitazama ile spika ya Handeni. "Mlete," alisema.

Bi Hajira alikataa mara ya kwanza, na mara ya pili akasema miguu inamuuma. Mwishowe alikubali, akavaa gauni jipya, akabeba unga wa muhogo na kuku mmoja. Alipofika Kilole alisimama kizingitini akitazama magodoro yaliyosimama sebuleni.

"Mnahama?"

"Tunasikiliza muziki," alisema Bi Amne kutoka kwenye kochi. Walisalimiana kwa mikono, kirefu, wakiulizana hali za watu na mazao, bila kutazamana sana. Bi Hajira alikwenda kukaa kwenye kiti cha pembeni.

"Usikae huko," Bi Amne alimwambia. "Ukikaa huko mpiga tumba anakukimbia. Njoo hapa."

"Hapo umekaa wewe."

"Nitasogea."

Lilikuwa kochi la watu wawili, nao hawakuwa wanawake wembamba. Walikaa bega kwa bega katikati kabisa, na Mwanaidi akawasha. Bi Hajira alisikia maneno kwa mara ya kwanza. Mdomo wake ulifunguka kidogo, akageuka kumtazama mke mwenzake, na Bi Amne akaitikia kwa kichwa tu, kama kusema ndiyo, hata mimi.

Walikuwa wameurudia kwa mara nyingine mvua iliposhuka kutoka milimani. Haikuanza kwa matone. Ilianguka yote pamoja juu ya mabati, na muziki ukafunikwa. Mustapha alinyoosha mkono azime redio.

"Acha," alisema Bi Hajira. "Si wanaendelea?"

Akarudisha mkono. Yeye na dada yake walikaa kwenye mkeka, wasisikie kitu ila mvua, wakiwatazama mama zao wawili waliofumba macho, vichwa vyao vikienda polepole, huku na huku, kwa pamoja.