Sahihi ya Babu Memli

Tk, tk, tk. Mfuniko wa birika ulikuwa unachezacheza juu ya jiko la kuni. Theluji ilikuwa imekata umeme tangu jioni, na gizani wazee wawili walikuwa wanapumuliana usoni kwa hasira: baba mkwe wangu Heyder na mdogo wake, Memli.

Kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kupeleka fomu. Shuleni somo la Kizaza, lugha yetu ya hapa milimani Uturuki, halianzi mpaka wapatikane watoto kumi. Tulikuwa na wanane, pamoja na Sosin wangu. Wajukuu wawili anaowalea Memli wangetimiza hesabu, ndiyo maana nilimwalika, nikampikia mkate wa siagi na mtindi wa kitunguu saumu. Akala, akajifuta masharubu, akamulika fomu kwa simu.

"Imeandikwa 'Kikurdi, Kizaza'. Safi kabisa. Kaka, kiri kwanza kwamba ni tawi la Kikurdi, nami natia sahihi."

"Tawi la bibi yako!"

"Bibi yangu si ndiye bibi yako?"

"Ni lugha kamili! Wataalamu wa Ulaya wamethibitisha."

"Hao wataalamu wamewahi kukamua mbuzi hata mmoja hapa Dersim?"

"Mbuzi wako wenyewe hawakuelewi!"

Na yote hayo, jamani, kwa Kituruki. Kwetu Kizaza ni cha kuitia mifugo na kubembelezea wachanga; mambo yakiwa mazito, wanaume huvaa Kituruki kama koti la kwendea mjini. Hata mimi nikitoka darasa la jioni ninalosoma mjini huja nacho mdomoni. Sosin nimemsemesha Kizaza tangu tumboni, miaka kumi sasa, na siku zote hunijibu kwa Kituruki.

"Baba mdogo," nikasihi, "fomu ni ya watoto."

"Subiri, mwanangu. Hili ni suala la isimu."

"Isimu gani, na wewe darasa la tatu ulilikimbia!" akadakia Heyder.

Hapo Sosin akatoka nyuma ya jiko, kajizungushia blanketi. Akaokota kalamu, akaibana kwenye vidole vya Memli. Kisha mtoto akasema, kwa Kizaza kitupu:

"Babu, tia sahihi, nina usingizi."