Miche ya Alama Nyekundu

Siku ile mjinga alikuwa Mwinjuma, wala tusimtafute mwingine. Mwenyewe keshakubali, tena kwa kucheka. Tangu robota la katani limwangukie mguuni kule bandarini, na msimamizi amwambie akapumzike bila kusema mpaka lini, kicheko ndicho kitu alichobaki nacho cha bure.

Alisimama kwenye kitalu cha serikali, njia ya Pugu, mguu mmoja ndani ya kiatu na wa pili ndani ya matambara. Mkononi alikuwa na fundo la leso, na ndani ya fundo mitali ya fedha ya mkewe, Chausiku. Alfajiri ile Chausiku aliivua miguuni, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akampa bila kumtazama usoni. Baada ya hapo alitembea uani kimya, na Mwinjuma akagundua kwamba hajawahi kumsikia mkewe akitembea kimya.

Chumba chao cha kupanga Kinondoni kilikwisha kupewa mtu mwenye miguu miwili mizima. Ndipo Jumbe Jabiri akawapa kipande cha pori nyuma ya Temeke, bonde linalopandisha kuelekea Pugu. Mwinjuma alimpelekea kilemba cha kupewa ardhi kama desturi: kanzu mpya na jogoo. Jumbe akapokea, akakohoa, akasema maneno ambayo Mwinjuma aliyatafuna njia nzima.

"Muhogo kila mtu hulima. Ukishauchimba, kesho naweza kukwambia haya, tembea. Lakini ukipanda mti wa kudumu, hata mie sina mdomo tena. Hapa kwetu shamba likigombewa, anayeulizwa ni mwenye mti. Kapande miti, Mwinjuma."

Mgeni anayeomba ardhi hukatazwa kabisa kupanda mti, kwa sababu hiyohiyo. Yeye karuhusiwa, tena kabembelezwa. Hapo ndipo palipokuwa pa kushtuka. Lakini shuku zake zote alikuwa amezihifadhi kwa mtu wa kitalu.

Mtu wa kitalu aliitwa Adelard, mtu wa bara, mpole, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alimwonyesha miche ya minazi na mikorosho iliyopangwa juani.

"Hii ndiyo ya kuuza, mzee."

Mwinjuma aliinua mche wa mnazi, akautikisa sikioni kama anasikiliza saa mbovu. Akaunusa.

"Hii mmeichemsha?"

"Miche haichemshwi, mzee."

"Ninyi hamshindwi. Mie nimekulia bandarini, najua harufu ya mzigo wa kumpa Mswahili."

Kisha akaiona ile mingine. Chini ya kibanda cha makuti, kivulini, makopo yalipangwa kwa mistari, kila kopo limepigwa rangi nyekundu ubavuni. Ndani yake miche ya majani mapana, mazito, yenye afya kama watoto wa tajiri. Bandarini shehena nzuri ndiyo iliyopigwa alama nyekundu na kuwekwa kivulini, ikangoja gari la wakubwa. Iliyoachwa juani ikavuja, hiyo ndiyo iliyofika mitaani kwao.

"Na ile kule?"

"Mitiki. Ile haiuzwi. Ile ina bwana."

"Mti una bwana? Umeolewa lini, mbona hatukualikwa?"

Wanawake waliokuwa wakinyunyiza maji waliangua kicheko. Adelard hakucheka.

"Nakwambia ina bwana, mzee. Chukua minazi, uende."

"Na ndiyo maana naitaka. Wakubwa hawapandi kibovu."

Adelard alitazama njia ya kulia. Akatazama ya kushoto. Mwisho akatazama fundo la leso.

"Pita nyuma," alisema.

Jioni hiyo Mwinjuma aliingia kwake na gari la kukokotwa, amekaa juu ya makopo kama bwana harusi. Chausiku akatazama majani yale mapana.

"Huu unazaa nini?"

"Mbao."

"Mbao zinaliwa na nini? Na mchuzi?"

"Bibie, hii ni miti ya wakubwa. Nimewapiga chenga!"

Wakapanda. Jumbe Jabiri mwenyewe akaja kuwashikia kamba ili mistari inyooke, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu. Akasema muhogo wao wa kula usogezwe pembeni, unaibana miti. Ukasogezwa. Kiangazi kizima Chausiku alipanda na kushuka na debe kichwani kutoka kisima cha bondeni, na shingo yake ikaota sugu. Muhogo ulipokauka, maji yalikwenda kwenye mitiki kwanza. Miti ikanenepa. Ikawafika kiunoni, ikawafika begani, ikawapita. Mwinjuma akajenga kibanda cha udongo katikati yake, mlango unatazama mstari wa kwanza, akawa akiamka anaisalimu kabla ya kumsalimu mkewe.

Siku moja Chausiku alirudi kutoka kwenye harusi kwa Jumbe, akakaa kizingitini bila kuvua baibui.

"Mwajabu, mke wa Jumbe, kavaa mitali yangu."

"Mitali yote inalia sawasawa."

"Ule wa kushoto una kibonyeo. Ulikibonyeza wewe, ulipoukalia siku ile ya fungate. Nimekiona."

Mwinjuma alicheka. Kicheko kikaishia njiani. Aliinuka, akajikongoja mpaka katikati ya shamba, akaitazama miti yake. Ilikuwa palepale, mizuri, kimya. Kwa mara ya kwanza akaona jinsi mistari yake ilivyonyooka mno kwa shamba la maskini.

Mvua za vuli hazijaanza walipofika. Alitangulia Jumbe, amevaa kanzu ileile ya kilemba. Nyuma yake Bwana Miti, afisa misitu wa serikali, Mzungu kijana, soksi mpaka magotini. Wa mwisho Adelard, kofia kifuani. Bwana Miti alipita kwenye mistari akiipapasa miti kama mtu anunuaye ng'ombe.

"Safi sana. Nani alipanda?"

"Mie, Bwana."

"Umepata wapi?"

Mwinjuma alimtazama Adelard. Adelard aliitazama kofia yake.

"Nilinunua, Bwana."

"Mitiki ya serikali haiuzwi," alisema Bwana Miti, bila hasira, kama anamsahihishia mtoto hesabu. "Kwa hiyo umeiba."

"Kwa mitali yangu!" Chausiku alipaza sauti. "Kama hamwamini, kaisikilizeni kwa Jumbe, inalia miguuni mwa mkewe!"

Kiswahili cha mbio kilimpita Bwana Miti, akauliza amesema nini. Jumbe alitabasamu.

"Anashukuru, Bwana." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mwinjuma, mfunge mkeo mdomo, nisije nikamfasiria vizuri."

Bwana Miti alikwisha kuendelea na mistari. Jumbe akamshika Mwinjuma bega, kindugu.

"Sikiliza, nimekutetea mpaka koo limekauka. Una mawili: mwizi au mlinzi. Mwizi anafuatana na sie sasa hivi. Mlinzi anabaki na kibanda chake, anaangalia miti isiguswe. Muhogo ung'olewe tu, shamba la serikali halichanganywi. Posho yako itapitia kwangu."

"Shamba la serikali? Jumbe, shamba hili ulinipa wewe! Mbele ya watu!"

"Nilikupa."

"Ukasema nikipanda miti huna mdomo tena!"

"Nilisema. Nilisema nini kingine?"

Mwinjuma alihema. "Ulisema shamba likigombewa, anayeulizwa ni mwenye mti."

"Na sitengui. Desturi ni desturi. Basi mie nauliza." Jumbe aliupiga mtiki wa karibu kofi jepesi. "Mti huu ni wa nani?"

Adelard aliinua macho kwa mara ya kwanza. Mwinjuma alifungua kinywa. Akisema wangu, kaiba. Aligeuka kumtafuta Chausiku, akamkuta kaugeukia ukuta wa kibanda.

"Wa serikali," alisema.

"Umesikia mwenyewe," Jumbe alimwambia Adelard. Adelard akatoa mfukoni kitambaa chekundu, alama ya mlinzi, akamfunga Mwinjuma mkononi. Alifunga taratibu, fundo likakaa vizuri. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kupigwa pasi.

Muhogo uling'olewa. Mwingine Jumbe aliubeba, uliobaki Chausiku akaukausha, ukatosha sufuria chache. Posho ilipitia kwa Jumbe, na huko ndiko ilikobaki. Kiangazi kilichofuata mitiki ilipukutisha majani, ardhi yote ikawa kahawia, kavu, inalia kila mtu akikanyaga. Mwinjuma alizunguka na fimbo yake, kitambaa mkononi, akichechemea kwa mistari.

Akarudi, akaona moshi. Chausiku kachutama mbele ya mafiga, sufuria ya muhogo wa mwisho juu, na tawi kavu la mtiki mkononi.

"Chausiku! Rudisha hilo tawi!"

"Limeanguka lenyewe."

"Hata lililoanguka. Wamesema chochote kisiguswe. Jumbe akiona moshi huu nitasema nini?"

"Sema unapika."

"Kwa mti wa serikali? Unataka wanifunge? Weka chini, mwanamke, huo mti si wako, si wangu, ni wa serikali!"

Chausiku alilivunja tawi juu ya goti. Akasukuma kipande kimoja motoni, cha pili akakibakiza mkononi, akamtazama kuanzia kwenye kitambaa chekundu mpaka kwenye mguu wa matambara.

"Na njaa hii, mlinzi," alisema, "ya nani?"