Jina Bila Mwenyewe

Bwana yangu Séraphin iko muntu muzuri, nisianze kwa kumusingizia. Hanywi, hanipigi, na kazi yake ya aiguilleur, kule kugeuza njia za treni pale gare ya Kamina, anaifanya na roho yote. Lakini kichwa yake iko nguvu sawa rail. Ukimugongesha na maneno, unaumia weye. Na ile kichwa njo ilichagulia mutoto wetu wa kwanza jina.

Kwetu Kinkondja, pembeni ya ziwa, mutoto hazaliwi yeye peke. Kuko mukubwa mumoja, katika bale balikufa, anamuletea jina yake. Anakuya mu ndoto ya mama mwenye mimba, na akishatoa jina, anamuchunga ule mutoto mupaka azeeke. Mutoto akigonjwa, nkambo yake, bibi wa kwao, anachukua pemba, ile udongo mweupe, anamupakaa ku kifua, na anaita: «Weye fulani, muntu yako anagonjwa. Kuya usimame.» Musiseme ni uchawi. Nyumba ikiungua, si unaita mwenyewe?

Minyi niliota Kitwa, kaka mukubwa wa mama yangu, aliyevua samaki mu ziwa Kisale mupaka meno ikamuisha. Alikuwa ameikala pembeni ya mutumbwi wake, ananiomba tumbako. Asubuhi nilimuambia Séraphin na furaha yote.

«Hapana,» alisema. «Mutoto wangu hatabeba mufu wa mu maji. Ataitwa Tobie.»

«Tobie njo nani?»

Akanieleza, macho inang'aa. Kijana wa mu Biblia, baba yake kipofu, anatumwa safari ya mbali na hajui kama ule anayetembea naye iko malaika. Anarudi na nyongo ya samaki, anamupakaa baba ku macho, baba anaona. Ile habari Séraphin aliipenda kupita zote. Yeye mwenyewe bapadri balimukomalisha kule Kasai, mutoto wa kuokotwa, hajui baba hajui mama.

«Sawa,» nilisema, «aitwe Tobie, aitwe na Kitwa. Kuko mubaya gani?»

«Jina moja inatosha. Hatuweki bafu mu nyumba ya bakristu.»

Nilibishana naye mupaka mate ikanikauka. Nilinuna, nilikataa kupika, nililia. Bure! Mutoto akabatizwa Tobie, basi. Na Kitwa, unafikiri atangoja pa mulango yetu? Ile ile kiangazi dada yangu alizala kule Kinkondja, na Kitwa akaingia kwake.

Tobie alikomaa muzuri kwanza. Kisha, mwaka ile bazungu balikuwa banajenga Base, kambi yao ya basoda, na bakamio bao, malori ya mizigo, banapita siku muzima na vumbi, homa ikamushika na haikumuachia. Tulimupeleka dispanseri. Infirmier alimupa dawa ya kinini, alimupiga sindano, alifanya yote aliyojua, ule simulaumu. Lakini mutoto alikuwa anashuka tu kushuka. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu.

Nikatuma habari kwa mama. Mama Umba alikuya na mutumbwi, kisha kamio, na kibunda cha samaki ya kukauka, na pemba imefungwa mu kona ya kikwembe alichojifunga. Hakuomba hata maji. Alimupakata mujukuu wake, alimugusa mbavu, akafungua ile kona.

«Haya. Niambie jina ya mwenyewe, nimuite.»

«Tobie, mama.»

«Tobie wa nani?»

Séraphin alikuwa inje, nyuma ya mulango, ameangalia barabara. Mukwe haangaliani na mama-mukwe uso kwa uso, ile heshima hata yeye aliishika. Akasema na minyi, sauti juu, ili mama asikie.

«Clémentine, ambia mama kama Tobie iko wa mu Biblia. Iko na nguvu kupita bakubwa benu bote.»

Nilijua sasa kelele itaanza. Na mama yangu, munamujua? Iko na mudomo kunipita. Lakini alijibu pole.

«Ambia bwana yako kama sibishani. Mutoto njo anagonjwa. Nitamuita ule ule Tobie wake, na nitamuita na heshima. Aniambie tu aliishi wapi na alikufia wapi, nijue nageukia upande gani.»

Tukamungojea Séraphin. Alijua malaika, alijua samaki, alijua hata mbwa aliyewafuata mu safari. Kule Tobie alizikwa hakujua.

Phébé, jirani yetu wa mu kamp ya batumishi ba treni, Muprotestanti, alisikia yote sababu ukuta zetu ni matofali ya kusimamisha tu, nyembamba. Akaleta Biblia yake kutusaidia. Akalamba kidole, akageuza karatasi, akageuza.

«Ma Clémentine, uyu muntu haiko.»

«Angalia tena.»

«Kuko Timoteo. Kuko Tito. Tobie hakuna, mama yangu.»

«Basi yenu balikata!» nilimupigia kelele, muntu wa kunisaidia. «Toka na Biblia yako ya vipande!» Alitoka pole pole, na kesho yake akatuletea sahani ya bukari. Phébé njo vile iko.

Asubuhi tulienda misioni, Séraphin mbele, minyi na mutoto ku mugongo, mama nyuma. Padri Gaston alikuwa kijana, ndevu nyekundu, hajamaliza hata mwaka mu Kamina. Alitupenda, ile siwezi kukana. Bapadri bazee balikuwa banatufundisha sawa banalisha kuku; yeye alitaka tuelewe.

«Mon père,» Séraphin aliuliza, kofia mu mukono, «tunataka kujua kintu kimoja tu. Tobie aliishi wapi, na alikufia wapi?»

Padri akafurahi! Uso wote ukafunguka. Ulizo kama ile, nafikiri, aliingojea tangu ameshuka mu treni. Akatuikalisha, akaanza. Kule Ulaya, alisema, bantu ba akili bamesoma ile kitabu siku mingi. Majina ya bafalme haifuatani sawasawa. Miji iko mahali haingewezekana. «Basi, Séraphin, banafikiri kama Tobie hakuishi sawa weye na minyi tunaishi. Iko habari takatifu. Mungu aliitumia kutufundisha kama hatutembei peke yetu. Ukweli iko mu fundisho, haiko mu ule muntu.»

Mama hakusikia Kiswahili ya Padri. Akanivuta kikwembe.

«Anasema nini?»

Nikamuambia kwa Kiluba. «Anasema haiko.»

«Alishakufa, ndiyo. Najua. Alikufia wapi?»

«Mama, hakufa. Hakuzaliwa.»

Mama akaachia kikwembe yangu. Séraphin akasema, sauti ya kutafuta mu mufuko kintu kimepotea: «Mon père, ile jina nilimupa mutoto.»

Hapo tu njo Padri alimuona mutoto ku mugongo yangu. Yo, maskini! Rangi yote ilimutoka. Akasimama, akasema ubatizo ni kweli, neema ni kweli, jina iko alama tu.

«Basi mumubatize jina ingine,» Séraphin alisema. «Ya muntu aliyeishi. Petro. Muntu yeyote.»

«Ubatizo haurudiwi, mwana wangu.»

Alimubariki Tobie, akatupa mukebe ya maziwa. Nilitaka kumukasirikia, nikakosa pa kushika. Tulimuuliza ukweli, na yeye alitupa ukweli. Angetudanganya mara moja tu, kungekuwa nini?

Mu njia Séraphin alisimama. Kwa mara ya kwanza alisahau heshima, akageukia mama uso kwa uso.

«Ita Kitwa.»

«Kitwa iko kwa mutoto wa binti yangu mwingine,» mama alijibu, macho chini. «Nikimuita huku, kule anabaki nani?»

«Muite!» minyi nililia. «Ule mutoto wa dada iko muzima! Ana nguvu! Muite, mama!»

«Ule naye iko mujukuu yangu.»

«Basi baba yangu,» Séraphin alisema. «Ita baba yangu.»

«Jina yake?»

Bwana yangu alifungua mudomo. Kamio ya Base ikapita, vumbi ikatufunika, ikaisha, na alikuwa bado amesimama vile, mudomo wazi. Nilikuwa nimejitayarisha siku mingi kumuambia: «Si nilikuambia?» Ile siku nilimuangalia na sikuweza.

Pale nyumbani mama alimupakaa Tobie pemba tu. Akaikala pembeni yake, mikono myeupe, mudomo umefungwa, sababu hakuwa na wa kuita. Tobie alitufia juma ile ile, saa sita ya muchana. Padri Gaston alimuzika, akashindwa kumaliza sala, padri mwingine akamalizia.

Nilizala tena, mutoto mwanaume. Mimba yote sikuota muntu, hakuna mukubwa aliyeleta jina. Kufika miezi kidogo, kifua ikaanza kumubana, na mama akafika tena na pemba yake. Lakini mara hii hakuwa na wasiwasi.

«Sasa hatusumbuki,» alisema. «Uyu mutoto iko na mukubwa. Tobie aliishi. Nilimupakata minyi mwenyewe, na padri akisema hapana, tutamuonyesha pa kaburi.»

Séraphin, inje pale nyuma ya mulango, alisikia, na nilisikia analia. «Ni kweli,» alisema. «Aliishi.» Bote babili balifurahi, Mungu wangu, balifurahi kabisa, sawa bantu bamepata njia.

Mama akaniwekea pemba mu mukono.

«Ita weye. Weye njo unamujua.»

Ndiyo, namujua. Kuku ya Phébé ikiingia mu lupango yetu, Tobie alikuwa anakimbia mbio na kilio, anajificha mu kikwembe yangu, ananishika muguu na mikono mbili mupaka nifukuze ile kuku. Sasa minyi nimuambie nini? Kuya usimame mbele ya ndugu yako?

«Ita,» mama alisema. «Mutoto anabanwa.»